Kipokezi cha Kiinini

Nyuklia, masikioni mwa Mswahili, ni bomu na mionzi. Mwambie mgonjwa kwamba seli za titi lake zina "vipokezi vya nyuklia", nawe umemtisha bure. Kumbe kinachotajwa ni kiini cha seli tu, na kiini tunacho: cha yai, cha kokwa, cha habari.

Ningeongeza -ni: kipokezi cha kiinini. Kipokezi cha kotisoli hungoja nje ya kiini. Kikishaipata homoni yake ndipo huingia na kuamsha jeni. "Cha kiini" ingedai kwamba ndimo kinamokaa. Hiyo -ni hutaja mahali pa kazi na hubeba mwendo pia: huenda kiinini, hutenda kiinini.

Kipokezi chenyewe nakipenda kuliko yote. Usidhani kupokea ni kukaa na kupewa. Anayempokea mgeni humtua mzigo. Anayepokea wimbo huudaka akauendeleza, ndiyo maana mkarara huitwa pia kipokeo. (Hicho tuwaachie washairi.) Vipokezi hivi, protini za aina 48 kwa binadamu, hupokea kwa maana hiyo hasa: huidaka homoni, vikashika DNA, ujumbe ukaendelea.

Na kinachodakwa? Ligandi ni sauti tupu kwetu. Kiambata kimekaribiana mno na viambato vya kwenye lebo. Napendekeza kishikamani, kwa mfano wa mwandamani: ile -mana yasema wawili wameshikana.

Kipokezi ambacho kishikamani chake hakijajulikana wanasayansi hukiita yatima. Lakini yatima kwetu ni aliyefiwa, na hapa hakuna aliyekufa. Kiwe kipokezi pweke. Kile kiitwacho FXR kilikuwa pweke hadi 1999, ilipobainika kwamba hushikamana na asidi za nyongo.

Neno linalonikera ni kizuizi, kwa dawa kama tamoksifeni. Kwenye titi, kweli, huinyima estrojeni nafasi kwenye kipokezi chake, na saratani inayoitegemea hukosa msukumo. Kwenye mfupa na mji wa mimba dawa hiyohiyo huweza kutenda kama estrojeni. Kizuizi kimesema nusu. Tuiite kiteuzi, mlinzi mwenzangu wa lugha, maana huteua pa kuzuia na pa kuchochea. Mwanamke aliyeambiwa anameza kizuizi atashangaa daktari akimuuliza kama ametokwa na damu ukeni. Aliyeambiwa kiteuzi ataelewa kwa nini anaulizwa.