Kazi ya Kabla ya Magharibi: Historia ya Kulala Penye Simba

Mtoto wa Shumba, hapa Pemba, hukua bila kujua hofu ya kuliwa na mnyama usiku. Pemba haina simba, haina chui wala fisi; huku Micheweni mkulima anahangaika na nguruwe na tumbili, basi. Ndiyo maana mvuvi wetu akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ugenini, hujenga kibanda cha makuti ufukweni, au hutandika tanga mchangani akalala. Anachohofia ni upepo kugeuka na chombo kung'oa nanga.

Ila dago la Wapemba halikuishia Pemba. Kwa vizazi wamevuka kwenda pwani ya Tanga na ya Kenya, na nchi ya bara ina masharti yake ya kulala nje. Masharti hayo waliyajua vizuri watu wa misafara ya karne ya 19, waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Kambi ilipigwa jua lingali juu. Kirangozi, kiongozi wa msafara, akishasimama, wapagazi waligawana kazi: huyu maji, huyu kuni, wale kukata matawi ya migunga ya kujengea boma. Tawi hulazwa shina likiwa upande wa ndani na miiba ikitazama nje, mnyama akijaribu kulivuta akutane na miiba kwanza. Mlango wa boma ulizibwa kwa tawi la mwisho, na moto ukawekewa watu wa kuuchochea mpaka alfajiri. Kazi yote hiyo ilifanywa kabla ya magharibi, tena na watu waliokwisha kutembea na mizigo kichwani tangu asubuhi.

Tsavo, Kenya, ilionyesha boma linavyoshindwa. Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wakijenga daraja la reli juu ya mto wa Tsavo, kazi ikisimamiwa na John Henry Patterson. Vibarua, wengi wao kutoka India, walilala katika kambi zilizotawanyika maili kadhaa kandokando ya reli. Simba wawili madume, wasio na manyoya shingoni, walipita katika miiba wakiwakokota watu kutoka ndani ya mahema. Leo wakivamia kambi hii, kesho wanahamia ile, na Patterson akilinda huku wao wako kule. Hata hospitali ya kambi haikusalimika.

Desemba ilipoingia, mamia ya vibarua walilala juu ya reli kulisimamisha treni, wakapanda na kuondoka. Ujenzi ukasimama kwa karibu wiki tatu. Waliobaki walilala juu ya matangi ya maji na mitini, na wengine walichimba mashimo ndani ya mahema wakayafunika kwa magogo. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Patterson baadaye alidai waliuawa watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na nywele za simba hao, waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, walikadiria mwaka 2009 kuwa walioliwa ni kama 35. Mmoja wa simba hao alikuwa na jino bovu lenye usaha. Mimi siwalaumu vibarua kwa kuondoka. Mwajiri aliyetawanya kambi maili nyingi alikuwa amewatenga watu wasiweze kusaidiana.

Wamarekani nao walijifunza kwa msiba, wao kwa dubu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967, katika hifadhi ya Glacier, wasichana wawili waliuawa na dubu wawili tofauti, mahali mbalimbali. Kabla ya hapo mabaki ya chakula yalikuwa yakitupwa mahali dubu wanapoyafikia, na watalii wakikaa kuwatazama wakila. Baada ya usiku ule sheria zikakazwa: chakula kining'inizwe juu, mbali na hema, na taka zirudi na mwenyewe. Serengeti nako, kambi za Seronera hazina ua. Jiko ndilo lililozungushiwa wavu wa chuma, na chakula hakilazwi hemani.

Mtalii ana mwongozaji wa kumkumbusha hayo. Ninayemfikiria zaidi ni mkulima wa Rufiji na Lindi. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 Tanzania, wengi kusini-mashariki. Wengi walishambuliwa msimu wa mavuno, na miongoni mwao wamo waliolala katika dungu wakilinda mazao dhidi ya nguruwe. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na kati yao amelala mtu katika kibanda cha nyasi.

Watafiti waligundua pia kwamba mashambulizi huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu. Mvuvi wa Shumba hahitaji kuelezwa sababu, maana karabai lake la kuvulia usiku hufuata kalenda hiyohiyo: mwezi ukishapevuka huchelewa kuchomoza, na jioni inabaki na saa za giza tupu. Saa hizo ndizo watu wangali nje, wakirudi shamba au wakienda chooni, na simba amekwisha kukaa na njaa wakati wa mbalamwezi.

Ushauri uliotolewa na watafiti unaanza na nguruwe mwenyewe: achimbiwe mitaro kuzunguka mashamba, asiingie. Mtaro unataka mikono mingi, kama boma la migunga, na mkulima anayelinda shamba akiwa na mke na watoto tu hauwezi peke yake. Halmashauri zinazomtaka alime zaidi zimsaidie kuuchimba.