Papa: Neno Moja, Koo Nyingi

Papa ni neno la herufi nne na silabi mbili zinazofanana. Kwa mvuvi wa Kilwa ni samaki. Kwa Mkatoliki ni askofu wa Roma, kwa mkulima wa Peru ni kiazi, kwa mtoto wa Kinshasa au Paris ni baba. Wapitjantjatjara wa jangwa la Australia humwita hivyo mbwa, na Wamaori wa New Zealand huiita hivyo ardhi. Maana hizi hazikuchipuka katika shina moja. Baadhi ni ndugu wa damu, nyingine zimekutana njiani kwa bahati tu, na asiyefuatilia safari ya kila moja huishia kuunga ukoo usiokuwepo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, papa ni samaki kwanza. Ni jina la wavuvi, lisilo na deni kwa Kilatini wala Kifaransa, na limezaa majina mengine humo humo baharini. Papa upanga ana pua ndefu yenye meno pande zote mbili, ingawa wanasayansi humweka katika jamii ya taa. Papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita urefu wa mita 12, na chakula chake ni viumbe vidogo vinavyoelea majini. Simulizi ya pwani ya Kenya inasema Mungu alipendezwa naye mno hata malaika wakamrushia sarafu kutoka mbinguni, ndiyo maana mgongo wake umejaa madoa meupe. Kisiwani Mafia samaki hawa hukusanyika karibu na Kilindoni, na leo wageni hulipa nauli ya boti ili kuogelea kando yao.

Papa alikuwa pia bidhaa ya kuunganisha bandari. Akishapasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa juani, aliweza kukaa miezi bila kuoza, kwa hiyo alifaa safari ndefu za majahazi. Vyombo vilivyoshuka na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na pwani ya Wasomali vilileta papa mkavu Mombasa na Unguja, kisha vikarudi na kusi vikiwa na boriti za mikoko. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa mbao za chombo zisinywe maji, na harufu yake kali ilijulikana kila bandari. Mpaka leo mchuzi wa papa mkavu kwa tui la nazi ni chakula cha kutamaniwa katika nyumba nyingi za pwani.

Kutoka baharini neno likapanda nchi kavu. Magazeti ya Kiswahili huwaita mapapa wale wakubwa wa magendo, rushwa na dawa za kulevya, wanaobaki huru huku dagaa wakifikishwa mahakamani. Ni sitiari nzuri, maana inataja pamoja ukubwa, meno na ugumu wa kunaswa.

Lakini Kiswahili kina papa mwingine, wa zamani na wa ndani zaidi, ambaye watumiaji wa lugha hawamtambui kwa sababu wanamtamka kila siku. Mtu akisema “kaa papa hapa”, hakuna samaki wala askofu aliyetajwa. Silabi hizo ni ngeli ya mahali, ile pa- ya Kibantu iliyomo katika “hapa”, “pale” na “mahali pazuri”, imerudiwa ili kukaza maana: ni hapa hasa, si pengine. Mkondo huo huo umetoa “papo hapo”, na ngeli nyingine mbili za mahali hufuata kanuni ile ile katika “kuku huku” na “mumu humu”. Mahali hapa hapakuhitaji neno la kigeni, kwani sarufi yenyewe imelitengeneza. Kando yake kuna kitenzi kupapa, moyo unapodunda kwa hofu, na papatika, mdundo wa mbawa za ndege aliyenaswa. Hapo sauti zenyewe zinafanya kazi ya kuiga mwendo.

Kwa nini sauti hizi zipatikane kila mahali? Jibu limo katika kinywa cha mtoto mchanga. Kutamka p kunahitaji midomo kufungwa na kuachia tu, na a huhitaji mdomo kufunguka bila ulimi kufanya kazi yoyote ya maana. Mtoto anapoanza kurudiarudia silabi, kwa kawaida baada ya miezi sita hivi, pa, ba na ma huwa miongoni mwa za mwanzo. Hana habari kwamba anamwita mtu. Wazazi ndio wanaozisikia na kuzigawa: hii yangu, hii yako.

Mwaka 1959 mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock alichapisha hesabu ya maneno 1,072 ya kuita mama na baba katika lugha nyingi za dunia. Mwanaisimu mzaliwa wa Urusi, Roman Jakobson, aliichukua hesabu hiyo na kuuliza kwa nini m hupatikana sana upande wa mama, na p, b, t na d upande wa baba. Maelezo yake ni kwamba mtoto anaponyonya, mdomo ukiwa umezibwa, sauti pekee anayoweza kutoa ni ya puani. Baadaye sauti hiyo hiyo huwa ombi la ziwa, kisha jina la mwenye ziwa.

Huo ni mwelekeo, na haujawa sheria. Nchini Georgia mama ni baba, na mzazi wa kike huitwa deda. Kwa Wapitjantjatjara pia mama ni baba, na papa amebaki kuwa mbwa. Mfano wa Japani unashangaza zaidi. Huko leo mama huitwa haha, lakini wanaisimu wameonyesha kuwa sauti h ya Kijapani cha sasa ilitokana na p ya kale, iliyopitia hatua inayokaribia f. Kwa hiyo Wajapani wa kale walimwita mama yao papa. Ushahidi mmojawapo ni kitendawili cha mkusanyiko wa mwaka 1516 unaohusishwa na Mfalme Go-Nara. Kinauliza kitu ambacho kwa mama hukutana mara mbili, na kwa baba hakikutani hata mara moja. Jibu ni midomo. Kwa matamshi ya sasa kitendawili hicho hakina maana, kwa sababu haha haifungi midomo. Kinaeleweka tu ikiwa wakati ule neno la mama lilianza kwa midomo kukaribiana, kila silabi mara moja. Ni nadra mchezo wa maneno kuhifadhi historia ya sauti kwa usahihi namna hiyo.

Papa wa Roma anatoka katika kinywa hicho hicho cha mtoto, ila kwa njia ya Ugiriki. Katika Odisei ya Homer, binti mfalme Nausikaa anamwomba baba yake gari la nyumbu kwa kutumia jina hilo la kitoto. Wakristo wa kwanza wa ulimwengu wa Kigiriki wakalihamishia kwa viongozi wao wa kiroho. Heraklas, askofu wa Aleksandria kuanzia mwaka 232 hivi, aliitwa papa, na Cyprian wa Carthage, aliyeuawa mwaka 258, aliandikiwa barua zenye jina hilo. Huko Roma, maandishi ya kaburini katika katakombe ya Callixtus yanamtaja hivyo Marcellinus, aliyekuwa askofu hadi mwaka 304. Cheo hicho basi kilikuwa cha maaskofu wengi kabla ya kuwa cha mmoja. Magharibi kilifungwa rasmi kwa askofu wa Roma katika karne ya 11, pale hati ya Gregory VII ya mwaka 1075 ilipotamka kuwa jina hilo ni la pekee duniani.

Mashariki hawakuona haja ya kulitoa. Mkuu wa Kanisa la Kikopti la Misri angali Papa wa Aleksandria, cheo alichonacho Tawadros II tangu mwaka 2012, na padri wa kijiji cha Ugiriki huitwa papas. Kiarabu, kisicho na sauti p, humwita kiongozi wa Roma Baba. Kiswahili kina njia mbili: kwa “Baba Mtakatifu” kimetafsiri, kwa “Papa” kimepokea jina lenyewe. Paulo VI alipotua Uganda mwaka 1969, akiwa wa kwanza kuzuru Afrika akiwa madarakani, na Yohane Paulo II alipofika Tanzania mwaka 1990, waandishi wa habari walitofautisha Papa na papa kwa herufi kubwa pekee. Msikilizaji wa redio alitegemea muktadha.

Papa wa Andes hana uhusiano wowote na hawa. Ni neno la Kikechua, lugha ya dola ya Inka, na lilitaja zao lililolimwa kuzunguka Ziwa Titicaca maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika. Mwaka 1553 Pedro Cieza de León alichapisha mjini Sevilla kitabu kuhusu Peru, akaeleza papa, na chuño pia: viazi vilivyoachwa nje vigande kwa baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji, kisha vikaanikwa juani. Hivyo watu wa milimani nao walikausha papa wao ili awafae siku za njaa.

Mwaka 1567 viazi vilisafirishwa kutoka Visiwa vya Kanari kwenda Antwerp, na visiwani humo jina papa limedumu hadi leo, kama katika Amerika ya Kihispania. Hispania kwenyewe walilichanganya na batata, jina la Kitaino la kiazi kitamu, wakapata patata. Husemwa mara nyingi kwamba walikwepa kumfananisha kiazi na mkuu wa Kanisa, lakini hakuna ushahidi. Kihispania kinaishi vizuri na vyote vitatu: el papa ni wa Roma, la papa ni kiazi, na papá, mkazo ukiwa mwishoni, ni baba. Batata nayo ilibebwa na Wareno hadi Bahari ya Hindi, na ndiyo mbatata ya Unguja na Mombasa. Hapo jamaa wa kweli wa patata amevaa sura nyingine, wakati papa wa baharini, mwenye sura ile ile ya kiazi cha Peru, hana naye nasaba. Mjini Lima, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa jina la Centro Internacional de la Papa hutunza zaidi ya aina 4,000 za kiazi hicho.

Katika Pasifiki, papa ni mwamba tambarare, sakafu, msingi. Kwa Wamaori, Papatūānuku ndiye ardhi, aliyetenganishwa na Ranginui, mbingu, na watoto wao wenyewe. Wahawaii wana Papa na Wākea, na hifadhi ya bahari ya Papahānaumokuākea, iliyotangazwa mwaka 2006 na kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2010, imebeba majina yao. Maji yake yana papa wengi, kwa maana ya Kiswahili.

Tangu mwaka 1956 neno limepata kazi isiyo na maana kabisa. Katika alfabeti ya marubani, Papa ni jina la herufi P, lililochaguliwa kwa sababu linasikika wazi hata redio ikikwaruza. Majeshi ya nchi za Magharibi yalitumia alfabeti hiyo kupanga nyambizi za Kisovieti katika makundi. Kundi la Papa lilikuwa na chombo kimoja tu, K-222, kilichokimbia chini ya maji kwa kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Hakuna nyambizi nyingine ya watu inayojulikana kuifikia kasi hiyo.