Kiingereza, Soja wa Geti la Marekani

Muulize mtu kwenye matatu lugha rasmi ya Marekani ni ipi, atakutazama kama umepotea njia. Si Kiingereza? Lakini hadi Machi 1, 2025, serikali kuu ya Marekani haikuwa na lugha rasmi. Kenya ilikuwa na zake mbili, Kiswahili na Kiingereza, kwenye Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Wenzetu walikuwa wanakaribia miaka 250 bila kuandika hata moja. Siku hiyo Donald Trump alitia sahihi agizo la kukifanya Kiingereza lugha rasmi. Agizo hilo hilo likafuta lingine la Bill Clinton, la Agosti 2000, lililozitaka ofisi za serikali ziwafikie hata wasiojua Kiingereza vizuri.

Si kwamba wazo lilikuwa jipya. Mwaka wa 1780 John Adams aliiomba Kongresi iunde chuo cha kukilea Kiingereza, na haikumjali. Nchi yenyewe ilikuwa mchanganyiko. Habari za Azimio la Uhuru zilitangazwa kwanza na gazeti la Kijerumani la Philadelphia. Katiba ya California ya 1849 iliagiza sheria zichapishwe kwa Kiingereza na Kihispania. Malalamiko yalikuwepo, bila shaka. Benjamin Franklin aliwanung'unikia Wajerumani wa Pennsylvania mwaka wa 1751, ilhali mwaka wa 1732 yeye mwenyewe alikuwa amewachapia gazeti kwa lugha yao. Gazeti halikudumu.

Ukifuatilia hadithi hii utagundua kitu. Kelele hizi hazipandi Kiingereza kinapodhoofika, maana hakijawahi kudhoofika huko. Zinapanda wageni wanapoonekana wengi mno, au wanapoogopwa.

Chukua Iowa. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka wa 1917, jirani aliyesema Kijerumani aligeuka adui. Mei 1918 gavana William Harding akatoa kile kilichokuja kuitwa Tangazo la Babeli. Kiingereza tu shuleni. Kiingereza tu mahali pa umma, kwenye treni, kwenye hotuba, hata kwenye simu. Asiyekielewa, basi amwabudu Mungu nyumbani kwake. Wanorwe, Wadenmaki na Wacheki, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, nao wakafungwa midomo. Simu za mashambani siku hizo zilikuwa laini moja kwa nyumba nyingi, kwa hivyo jirani angeweza kuinua mkono wa simu na kusikiliza umbea wako. Katika Kaunti ya Scott, wanawake wa mashambani walisikika wakipiga gumzo kwa Kijerumani, wakatozwa dola 225 zilizopelekwa kwa Msalaba Mwekundu. Hebu fikiria: unampigia dada yako kuuliza habari za kuku, halafu unalipishwa faini.

Vita viliisha, hofu haikuisha. Mwaka wa 1919 Nebraska ilipiga marufuku kumfundisha lugha ya kigeni mtoto ambaye hajamaliza darasa la nane. Mei 1920 mwalimu Robert Meyer, wa shule ya kanisa la Kilutheri, alikuwa anamsomesha mvulana wa miaka 10 hadithi za Biblia kwa Kijerumani, mwendesha mashtaka wa kaunti akaingia darasani. Meyer angeweza kugeukia Kiingereza pale pale. Akaendelea. Alitozwa dola 25, akakata rufaa, na mwaka wa 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi, majaji 7 kwa 2. Aliyeandika uamuzi ni James McReynolds, jaji aliyejulikana kwa kuwachukia Wayahudi waziwazi. Ndiye huyo huyo aliyesema kwamba Katiba inamlinda msemaji wa lugha nyingine sawa na aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni. Dunia haiishi vituko.

Mwaka mmoja baadaye, 1924, Kongresi ikafunga mlango. Sheria mpya iliwapunguza mno wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya, na kuwazuia karibu Waasia wote. Na kelele za lugha? Zikapoa kwa miongo kadhaa. Waliobaki kubanwa ni wale ambao hawakuwahi kupitia mlango wowote: watoto wa wenyeji wa asili, walioadhibiwa katika shule za bweni kwa kusema lugha za mama zao. Aliyewahi kuvalishwa monto shingoni hahitaji maelezo zaidi.

Sheria ya 1965 ilifungua mlango tena, safari hii kwa Asia na hata sisi. Mwaka wa 1980 wapigakura wa kaunti ya Miami walizuia pesa za kaunti kutumika kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Seneta S. I. Hayakawa wa California alipendekeza Katiba ibadilishwe. Huyu alikuwa mwanaisimu, mzaliwa wa Kanada, wa wazazi Wajapani. Hakuweza kuwa raia wa Marekani hadi miaka ya 1950, na hakuzuiwa na Kiingereza chake, ambacho alikuwa akikifundisha chuoni. Alizuiwa na asili yake. Mwaka wa 1983 alianzisha shirika la U.S. English pamoja na John Tanton, daktari wa macho kutoka Michigan. Tanton tayari alikuwa ameunda shirika lingine mwaka wa 1979, la kupunguza wahamiaji. Mikono ile ile. Mwaka wa 1988 waraka wake wa kuwadharau Walatino ulipofichuka, rais wa U.S. English, Linda Chavez, alijiuzulu.

Novemba 4, 1986, wapigakura wa California walikifanya Kiingereza lugha rasmi ya jimbo. Siku mbili baadaye Ronald Reagan akatia sahihi sheria iliyowapa vibali watu wapatao milioni 2.7, wengi wao wakitakiwa waonyeshe kwamba wanajifunza Kiingereza. Madarasa ya watu wazima Los Angeles yalikuwa yamefurika, na watu wakisubiri nafasi. Hao ndio walioambiwa hawataki kujifunza.

Mwaka wa 2006 Seneti, ikijadili uraia kwa wasio na vibali, ilikiita Kiingereza lugha ya taifa na lugha inayounganisha, yote siku moja. Mswada wenyewe haukuwa sheria.

Agizo la 2025 halikatazi huduma kwa lugha nyingine. Linawaachia wakuu wa ofisi waamue. Kanuni ya madereva wa malori kujua Kiingereza nayo ni ya zamani, ila tangu Juni 2025 anayeshindwa kumjibu mkaguzi au kusoma alama huondolewa barabarani. Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni hatababaika. Mkimbizi wa Kongo aliyefika na Kiswahili chake, akiwa na barua ya serikali mkononi asiyoweza kuisoma, ndiye anayesubiri kuona kama ofisi itamletea mkalimani.