Kahawa baridi ya Ibo: Kokteli ya baada ya chakula cha jioni

Mibuni ya kisiwa cha Ibo, katika jimbo la Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, huota karibu na usawa wa bahari, nyuma ya nyumba za watu. Ni jambo lisilo la kawaida kwa zao ambalo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hulihusisha na miteremko ya Kilimanjaro au milima ya Kivu. Kahawa hiyo inajulikana kwa kafeini yake ndogo, na kwa sababu hiyo inafaa kwa kinywaji baridi cha usiku, baada ya wali na samaki, pasipo kumnyima mnywaji usingizi.

Mbuni wa Ibo si arabika wala robusta. Jina lake la kitaalamu ni Coffea zanguebariae, na aliyeuandika kwanza katika vitabu vya sayansi ni João de Loureiro, padri wa Kijesuiti na mtaalamu wa mimea kutoka Ureno, mwaka 1790. Zanguebar ndilo jina ambalo Wazungu wa zama hizo waliipa pwani ya Waswahili. Buni zake ni ndogo. Huanikwa juani, hutwangwa kinuni ili kuondoa maganda, kisha hukaangwa.

Wamwani, ambao ndio wenyeji wa kisiwa hicho na ambao lugha yao ina undugu wa karibu na Kiswahili, huinywa kahawa yao ikiwa moto. Namna ya baridi imetoka njia nyingine. Ureno, iliyoitawala Msumbiji hadi mwaka 1975, ina kinywaji kiitwacho mazagran: kahawa kali, barafu, sukari na limau, na wakati mwingine ramu. Jina hilo ni la mji wa Mazagran nchini Algeria, uliozingirwa katika vita vya mwaka 1840 dhidi ya Wafaransa. Kokteli inayoelezwa hapa ni mazagran iliyotiwa viungo ambavyo mpishi yeyote wa pwani anavyo jikoni.

Vipimo vya watu wanne

Zinahitajika gramu 50 za kahawa iliyosagwa na nusu lita ya maji. Kipimo hiki kitamshtua aliyezoea kahawa ya asubuhi, lakini barafu ikiyeyuka huongeza maji, na kahawa nyepesi hugeuka haraka kuwa maji ya rangi. Maji yachemke, yaepuliwe kwa nusu dakika, kahawa itiwe, ikorogwe mara moja na ifunikwe kwa dakika tano. Kisha ichujwe kwa kitambaa safi. Asiyekuwa na kahawa ya Ibo, na wengi hawatakuwa nayo, atumie arabika iliyokaangwa kwa wastani, akikumbuka kwamba kafeini itakuwa nyingi zaidi. Robusta haipendekezwi hapa: kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika, na uchungu wake hujitokeza zaidi pamoja na ndimu.

Sukari isitiwe kavu katika kinywaji baridi, kwa kuwa haiyeyuki vizuri na hutuama chini ya glasi. Itengenezwe shira: gramu 100 za sukari, kiasi hicho hicho cha maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa chenye ukubwa wa kidole gumba, na iliki tatu zilizopasuliwa. Shira ichemke kwa dakika tatu, ipoe, ichujwe. Ni viungo vile vile vinavyotiwa katika dele la kahawa ya barazani, na ndivyo vinavyokifanya kinywaji hiki kiwe cha pwani.

Kahawa ikishapoa, hutiwa katika chupa safi yenye mdomo mpana pamoja na konzi mbili za barafu, vijiko vinane vya chakula vya shira na vijiko vinne vya chai vya maji ya ndimu. Chupa hufungwa na kutikiswa kwa nguvu hadi nje yake iwe na ukungu. Kutikisa huko huleta povu jembamba ambalo kijiko hakiwezi kulileta. Mchanganyiko humiminwa katika glasi zenye barafu mpya, na kipande cha ganda la ndimu huwekwa juu.

Wanaokunywa pombe huongeza mililita 30 za ramu kwa kila glasi. Pwani ya Cabo Delgado ina Waislamu wengi, na mwenyeji mwenye adabu huiacha chupa ya ramu kando ili kila mgeni ajiamulie. Ladha haipungui kitu bila ramu. Tangawizi huachia ukali wa kutosha kooni. Maziwa hayafai kabisa, kwani ndimu itayagandisha. Tui la nazi linashawishi, lakini mafuta yake huganda yakikutana na barafu na kuelea kama vipande vya nta.

Barafu na maji yake

Maji ya kugandishia barafu sharti yachemshwe kwanza. Baridi haiui vijidudu vya kipindupindu. Ugonjwa huo ulizuka Pemba, makao makuu ya jimbo, mwaka 2019 baada ya kimbunga Kenneth kilichotua Cabo Delgado tarehe 25 Aprili na kuharibu nyumba nyingi za Ibo. Barafu inayohifadhia samaki sokoni isitumike kamwe katika kinywaji.

Upatikanaji wa kahawa yenyewe ni suala jingine. Mashambulizi ya waasi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yamewahamisha mamia kwa maelfu ya watu, na Ibo imewapokea wengi waliovuka kwa mashua kutoka bara. Njia ya kawaida ya kwenda kisiwani hupitia Tandanhangue, wilayani Quissanga, ambako mashua husubiri maji yajae. Machi 2024 waasi waliingia Quissanga. Kahawa inayolimwa kwa uchache nyuma ya nyumba, ikipita katika njia kama hiyo, haiwezi kutarajiwa kila msimu katika maduka ya mbali. Anayeipata mfuko mdogo asiimalize kwa majaribio: ajizoeze kwanza kwa arabika hadi vipimo vya shira na ndimu vimkae mkononi.

Shira iliyobaki hudumu wiki mbili katika jokofu. Kahawa iliyochujwa inywewe siku hiyo hiyo. Ikilala, harufu yake hupotea na ndimu haiirudishi.