Mvutano wa Uso

Funga uzi upate kitanzi kidogo, kisha kining'inize ndani ya duara la waya kwa nyuzi mbili zilizolegea. Chovya vyote katika maji ya sabuni. Ukiinua waya, utando mwembamba umeziba duara zima na kitanzi kinaelea humo kikiwa kimejikunja ovyo. Sasa toboa kwa kijiti kikavu utando ulio ndani ya kitanzi tu. Papo hapo uzi unaruka na kuwa mviringo kamili.

Utando wa nje ndio uliouvuta. Ulikuwa ukiuvuta tangu mwanzo, ila ule wa ndani nao ulivuta kwa kani ileile, zikabatilishana. Hiyo ndiyo maana ya mvutano wa uso: molekuli za kimiminika huvutana, hivyo uso wake hujikusanya ili uwe na eneo dogo kadiri inavyowezekana. Ndiyo sababu pia kiputo huwa tufe.

Wapo wanaoandika "mkazo wa uso". Nadhani linapotosha, kwa sababu mkazo humfanya mwanafunzi afikirie kani inayogawanywa kwa eneo, ilhali hapa tunapima kani kwa urefu wa ukingo. Katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, maji safi huvuta kwa takriban nyutoni 0.073 kwa kila mita.

Sabuni haiongezi mvutano huo. Huushusha hadi karibu theluthi moja! Kinachokinusuru kiputo ni kwamba utando ukinyooshwa mahali fulani, molekuli za sabuni hutawanyika pale, mvutano hupanda kidogo, na sehemu hiyo huvutwa kurudi kabla haijapasuka. Maji matupu hayana kinga hiyo.

Neno "kiputo" nalo lina mtego wake, kwa kuwa limekaa karibu mno na "puto". Mpira wa puto hubadilisha mvuto wake kadiri unavyotanuka. Utando wa sabuni huvuta karibu sawasawa, uwe mdogo au mkubwa. Mwanafizikia Charles Vernon Boys aliwahutubia vijana wa London juu ya viputo kati ya Desemba 1889 na Januari 1890, na mihadhara yake ikatoka kitabu mwaka huo wa 1890. Majaribio ya namna yake bado hayahitaji zaidi ya waya, uzi na mirija.

Jaribu hili: chukua mrija laini wenye matawi mawili. Bana tawi moja, puliza kiputo kikubwa kwenye lile jingine. Kisha libane hilo, fungua la kwanza na upulize kiputo kidogo humo. Ziba tundu la kupulizia, achia matawi yote. Wengi hutarajia viputo vilingane, lakini kidogo ndicho kinachonywea huku kikubwa kikizidi kuvimba. Shinikizo la ziada ndani ya kiputo ni mara nne ya mvutano, ukigawa kwa nusukipenyo. Nusukipenyo kikipungua, shinikizo hupanda. Hewa hukoma kuhama pale utando uliobaki kwenye mdomo wa tawi la kile kidogo unapokuwa na mbinuko sawa na wa kile kikubwa.