Ndege Hukodishwa, Mwongoza Ndege Husomeshwa

Mapema mwaka 1977 lilisambaratika shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kenya Airways iliundwa Januari mwaka huohuo na kuanza safari kwa ndege aina ya Boeing 707 zilizokodiwa kutoka British Midland ya Uingereza. Air Tanzania ikafuata mwezi Machi. Kila anayesimulia kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki huzungumzia ndege hizo, nani alizichukua na nani alinyimwa. Ni wachache wanaomkumbuka mtu aliyekaa mnarani. Kurugenzi ya pamoja ya usafiri wa anga nayo ilivunjika, lakini ndege za mataifa mengine ziliendelea kupita juu yetu, na kila moja ilihitaji sauti ya kuipa kimo, njia na zamu ya kutua. Ndege zilipatikana kwa mkataba wa kukodi. Watu wenye sauti hiyo walipatikana kwa sababu walikwisha kusomeshwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kumdhamini kijana aliyemaliza shule asomee kuongoza ndege ni sehemu ya mamlaka ya nchi juu ya anga lake, wala si sadaka kwa familia yake.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa Nairobi mwaka 1954, ilipoanzishwa shule ya usafiri wa anga ya Afrika Mashariki. Wakati huo vyeo vya juu katika huduma za pamoja vilishikwa na Wazungu, na Mwafrika alianzia ngazi za chini. Uhuru ulipokuja, kushusha bendera ya mkoloni kulichukua usiku mmoja, lakini kumpata mtu wa kukalia kiti cha mwongoza ndege kulidai miaka ya mafunzo. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ililielewa jambo hilo, na mwaka 1971 ikafungua chuo cha Soroti, Uganda, kwa ajili ya marubani na mafundi wa ndege. Jumuiya ilipovunjika, shule ya Nairobi ikabaki kwa Kenya na ya Soroti kwa Uganda. Tanzania, yenye eneo kubwa kuliko wenzake wawili, haikubaki na hata moja. Ililazimika kujenga chuo chake Dar es Salaam, na funzo la hapo ni chungu: aliyekosa mahali pa kufundishia vijana wake hulinda anga lake kwa hisani ya jirani.

Yuko atakayeuliza kwa nini kijana asijilipie mwenyewe, kama wanavyojilipia wanaosomea uhasibu au udereva. Jibu limo katika kazi yenyewe. Kanuni zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 zinataka mwenye leseni ya kuongoza ndege awe ametimiza miaka 21, awe na cheti cha afya cha daraja la tatu, na tangu Machi 2008 awe amefikia angalau kiwango cha nne kati ya sita cha Kiingereza cha anga. Baada ya masomo ya darasani na mazoezi ya mnara wa kuigiza, mwanafunzi huketi kando ya mwongoza ndege mzoefu, akiongoza ndege za kweli chini ya usimamizi. Akifaulu, kibali chake ni cha kituo hicho na kazi hiyo tu. Akihamishwa kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, hana budi kujifunza upya njia na desturi za huko. Ujuzi wa namna hii hauna soko la mtaani wala mwajiri wa pili mjini. Ukimwachia mwenye fedha pekee, utawapata wenye fedha. Masikio makini na akili tulivu havigawiwi kwa kipimo cha mfuko wa mzazi.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema kwamba tunawasomesha vijana kwa ajili ya wengine, kwa kuwa nchi za Ghuba huajiri waongoza ndege wenye uzoefu kutoka nje. Hofu hiyo ina ukweli, na mkataba unaomtaka mdhaminiwa atumikie miaka kadhaa ni haki. Lakini mkataba huchelewesha tu kuondoka. Mshahara mzuri na mapumziko ya kutosha ndivyo vinavyombakisha mtu. Na kama njia ni kuajiri wageni badala ya kusomesha, tuitazame Marekani. Agosti 1981 Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Taifa tajiri kuliko yote halikuweza kununua wengine sokoni. Lilichukua takribani muongo mzima kufundisha warithi wao. Ikiwa dola haikumwokoa mwenye dola, itamwokoaje mwenye shilingi? Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wapo pia wanaoweka tumaini katika mitambo. Tanzania imenunua rada nne za kuongozea ndege za kiraia kwa takribani shilingi bilioni 67.3, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na ulikuwa uamuzi mzuri. Hata hivyo rada huonyesha tu kwamba ndege mbili zinakaribiana. Anayeamua ipi ishuke na ipi isubiri, wakati mvua imeufunga uwanja na mafuta ya ndege moja yanapungua, ni mtu. Kila rada mpya inahitaji watu zaidi wanaojua kuisoma. Kwa hiyo kila bajeti inayotaja mtambo wa anga iandikwe pamoja na idadi ya vijana watakaosomeshwa kuutumia, na nafasi hizo zitangazwe hadi katika shule za kata, ili mtoto wa Kigoma mwenye fizikia nzuri ajue kwamba kazi hii ipo na anaweza kuiomba. Samaki mkunje angali mbichi. Mwongoza ndege tutakayemhitaji miaka saba ijayo yumo darasani leo.