Saa ya mashine iliyolala

Wiki hii nimesoma sana mifumo endeshi, nikanasa kwenye historia ya saa za mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya nyingine.

Zamani Linux ilijua saa kwa kuhesabu midundo, 100 kila sekunde. Desemba 2003 toleo la 2.6 likaifanya 1000. Kwenye kompyuta halisi, poa tu. Ila mashine pepe inapanga foleni kupata prosesa. Ikisimamishwa, midundo inapita bila kuhesabiwa, saa inabaki nyuma. Yenyewe wala haijui kama ililala!

Siyo utani jamani. Kwa kawaida Kerberos inakukatalia kuingia saa zikipishana zaidi ya dakika 5.

Mwaka 2007 Linux 2.6.21 ikaanza kuacha midundo isiyo na kazi. KVM nayo ikampa mgeni saa ya kusoma kwa mwenyeji wake. Tofauti inayobaki hurekebishwa na NTP ya David Mills, iliyotoka 1985.

Ninavyoona mimi, dawa ilikuwa kuacha kuhesabu peke yako. Ukiamka, muulize aliyekuwa macho. Haya, narudi kwenye notsi!